Theluji ya sm 55 iliyotaka kuvunja safari ya Kilimanjaro: kisa cha kundi la Mwanza

Kisa hiki ni cha watu sita wa hapa Mwanza waliochangishana tangu mwezi wa tatu ili wapande Kilimanjaro na wafike kileleni tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru. Njia ya Marangu, siku sita, kuingia geti tarehe 5 na kutoka tarehe 10. Mimi kwenye msafara sikuwemo, mimi niko Kirumba na shughuli za boti za dagaa, ila kwa vile kila jioni lazima nicheki hali ya hewa kabla boti hazijatoka basi wakaniingiza kwenye grupu lao la WhatsApp kama mtu wa mvua, na ndo maana vurugu yote iliyotokea ninayo kwenye simu meseji kwa meseji. Wenyewe wamesema niandike, majina tu nisiweke.

Vurugu ilianza tarehe 29 Novemba. Kuna fundi umeme mmoja wa Igoma, yeye akatupia skrinshoti ya app ya hali ya hewa ya milimani: Uhuru Peak, yaani kilele chenyewe cha Kilimanjaro, tarehe 7 mpaka 9, theluji sm 55. Hakuandika neno, picha tu na kale kakatuni ka kujishika kichwa. Haijapita nusu saa dada mmoja muuguzi akaleta skrinshoti ya app nyingine, ile inayokuja na simu, siku zilezile mlima uleule: theluji sifuri, mvua mm 18, joto kileleni nyuzi 4 juu ya sifuri.

Hapo sasa kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja anasema sm 55 hiyo ni mapajani, nani ana viatu vya hivyo, mwingine anasema hizi app ni za kubahatisha tu twende zetu, wa tatu kashampigia wakala Moshi kuuliza kama hela inarudi. Jibu la wakala: hela ya kianzio hairudi tena, muda umeshapita, ila mnaweza kusogeza mpaka Januari kwa kuongeza kidogo. Kwa hiyo swali lililokuwa mezani ni hilo, kwenda, kusogeza, au kupoteza hela, na wote walikuwa wanataka kulijibu kwa kuchagua app ya kuamini kati ya mbili. Sasa hapo ndo nilipoona kuna kitu cha kueleza, kwa sababu zile app zote mbili zilikuwa zinasema kitu cha kweli kuhusu mlima ambao haupo.

Tuanze na ile nyuzi 4. Hewa ukiipandisha mita 1,000 inapoa kama nyuzi 6.5 hivi kwa wastani, na Uhuru iko mita 5,895, wastani wa joto lake kwa mwaka ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta haubadiliki sana kati ya mwezi na mwezi. Kwa hiyo ukiona mtu anakuambia kileleni ni nyuzi 4 juu ya sifuri, tofauti ni kama nyuzi 11, gawa kwa 6.5 unapata kama mita 1,700. Yaani mlima wa hiyo app unaishia kwenye mita 4,200 hivi, hata Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, hujafika, maana Kibo Hut iko mita 4,700 na ushee. Wapi wameukata mlima? Kwenye kompyuta. Modeli, yaani programu zinazokokotoa hali ya hewa ya dunia nzima, zinagawa ardhi kwenye vyumba, ile GFS ya Wamarekani chumba kimoja ni kama km 13 kwa 13, ile ya ECMWF, kituo cha utabiri cha Ulaya, ni kama km 9, na kila chumba kinapewa kimo kimoja tu, cha wastani. Kreta ya Kibo, ile sehemu ya mlima yenye kilele cha Uhuru, upana wake hauzidi sana km 2. Ukiichanganya na miteremko yote inayoizunguka ndani ya chumba kimoja kilele kinasawazishwa, unabaki na kilima kinene chenye kichwa butu, halafu kwenye kilima hicho mvua inanyesha kama mvua kwa sababu hakijafika kwenye baridi. Ndo ile mm 18 na theluji sifuri.

Ile nyingine, ya sm 55, imejaribu kurekebisha hilo. App za milimani zinachukua namba za modeli halafu zinazipandisha mpaka kimo halisi cha kilele, joto linashushwa, na maji yakishakuwa chini ya sifuri yanageuzwa theluji kwa kanuni ya zamani kwamba milimita 1 ya maji ni sentimita 1 ya theluji. Joto wanalipata vizuri tu. Shida ni maji. Yale maji wameyatoa wapi? Wameyatoa kwenye chumba kilekile chenye msitu wa Marangu ndani yake, na Kilimanjaro mvua yake nyingi inaishia msituni, kwenye mita 2,000 na kitu, upande wa kusini huko inafika zaidi ya mm 2,000 kwa mwaka, ukivuka msitu inapungua, ukifika kambi ya Horombo imepungua zaidi, na kule juu kabisa ni jangwa la baridi, linapata mm mia chache tu kwa mwaka mzima. Sasa ukichukua mm 55 za mvua ya msituni ukazibeba mpaka Uhuru ukazigeuza theluji, unapata namba ya kutisha ambayo kwa siku tatu tu inataka kula sehemu kubwa ya mgao wa mwaka wa kilele. Inaweza kutokea? Inaweza, vuli kali huwa zipo. Lakini kama makadirio ya kawaida, hapana, ni maji ya watu wa chini yamepelekwa kwa watu wa juu.

Nikawaandikia haya, ndefu hivihivi, fundi akajibu "sawa bro lakini ipi sasa?"

Ngoja kwanza, kulikuwa na jambo lingine lililoniudhi kuliko hata namba zenyewe. Siku ya pili yake ileile app ya sm 55 ikasema sm 8. Jioni ikasema 40. Watu wakaanza kusherehekea na kulia kwa zamu, mara nne kwa siku, kwa sababu GFS inazungushwa upya kila baada ya saa sita na kila mzunguko app inabadilisha picha. Mvua za ukanda wetu ni za mawingu ya kuchemka, wingu linaota mchana mmoja hapa na mchana mwingine bonde la pili, na hakuna kompyuta duniani inayoweza kukuambia siku kumi kabla wingu lipi litakaa juu ya Kibo saa nane mchana ya tarehe 8. Umbali huo wa siku unachoweza kuuliza ni kitu kimoja tu, je wiki hiyo itakuwa ya mvua kuliko kawaida ya vuli au kavu zaidi. Na hata hilo huliulizi kwa namba moja, unaliuliza kwa kundi. Wale ECMWF wanaendesha modeli mara 51 kila moja ikianza na tofauti ndogo, ukiona zaidi ya nusu zinaleta unyevu kwa siku fulani basi chukua kwa uzito, ukiona zimesambaa kila upande ujue hakuna anayejua na app yako imekuokotea mmojawapo. Tarehe 29 zilikuwa zimesambaa kabisa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo ilikuwa na lake, na hili watu walilipita kama halipo kwa sababu halina sentimita. Utabiri wao wa siku tano hauandiki Uhuru Peak, unaandika mikoa, na kwa Kilimanjaro, Arusha na Manyara ulikuwa unasema vipindi vya mvua na ngurumo kwa baadhi ya maeneo, bila angalizo wala tahadhari. Kwa mtu anayepanda mlima hilo ni neno kubwa. Maana yake ni mvua za vuli za kila siku, za mchana, za kuruka ruka, siyo mfumo mkubwa wa kulaza mvua siku tatu mfululizo usiku na mchana. Ule wa pili ndo unaojaza theluji ya mapajani.

Kwa faida ya wasiozoea, theluji ya mwanzo wa msimu Kilimanjaro ni ya vuli, inaanza Novemba inaendelea Desemba, halafu kuna ya masika, Machi mpaka Mei. Vuli yenyewe inatabirika kwa ujumla wake kuliko masika kwa sababu inashikana sana na Bahari ya Hindi, maji ya upande wetu wa bahari yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia tunanyeshewa haswa, kama 1997 na 2019. Na 1961. Hiyo 1961 naipenda kwa sababu ni vuli ileile ya Uhuru wenyewe, Luteni Alexander Nyirenda anaweka mwenge kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, na huku kwetu ziwa limeanza kupanda, likapanda zaidi ya mita 2 mpaka 1964, wazee wa mwaloni, pale ufukweni boti zinaposhusha samaki, bado wanakuonyesha maji yalipofika. Na msichanganye theluji na barafu ya kudumu, hili lilijitokeza pia grupuni, mtu anasema "si walisema theluji Kilimanjaro imeisha". Inayoisha ni ile barafu ya miaka na miaka, kutoka kama km 12 za mraba mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2011. Theluji mpya inaanguka kila vuli na inakwenda zake kwa jua na upepo ndani ya siku au wiki.

Sasa ipi ya kuangalia. Nikawaambia futeni zote mbili, fungueni ramani ya upepo yenye ngazi za juu, chagueni hektopaskali 500. Kwenye ukanda wa ikweta hewa yenye kanieneo ya hektopaskali 500 inakaa karibu mita 5,850, yaani ni kimo cha Uhuru kwa bahati nzuri kabisa ya maumbile, hakuna mlima mwingine wa kwetu wenye bahati hiyo. Pale hujali modeli imeuchora mlima vipi, unasoma hewa yenyewe inayopita kwenye kimo hicho, na unasoma vitu vitatu, unyevu wake, upepo wake, joto lake. Joto huwa halina habari, nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri siku nyingi. Upepo tutaurudia. Unyevu ndo kila kitu. Kama kwenye ngazi ya 500 unyevu ni asilimia 20 au 30, mawingu ya chini yatachemka weee yataishia Horombo na kilele kitakaa juani juu ya bahari ya mawingu. Unyevu ukipanda asilimia 80, 90, ujue hewa imelowa mpaka juu, na wingu lolote la mchana litafika kileleni na kumwaga theluji.

Kuanzia tarehe 2 Desemba zile 51 zikaanza kukubaliana. Tarehe 4 na 5 kukavu juu. Tarehe 6 unyevu unapanda, 7 na 8 mchana umejaa, tarehe 8 jioni kuna hewa kavu inaingia kutokea mashariki. Si zote, kama robo yake zilikuwa zinaacha unyevu mpaka tarehe 9.

Kati ya hapo ndo akaja mzee. Mmoja wa wapandaji ni binti wa mzee mwenye boti hapa mwaloni, mtu ninayemheshimu sana kwa mambo ya ziwa, na mzee alikuwa amekataa katakata binti asiende, sababu hata si theluji. Nikamfuata kwenye kichanja anageuza dagaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hivi ni kweli hawa wanakwenda kileleni saa sita usiku?"

"Ndiyo mzee, wanaondoka kambini saa tano, saa sita hivi."

"Basi huyo mtu anayewaongoza hana akili. Mvua mbaya inakuja saa ngapi? Wewe mwenyewe unajua."

Na kwa ziwa yuko sahihi asilimia mia. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji ya ziwa yanabaki na joto lake, basi upepo unatoka nchi kavu pande zote, Mwanza, Musoma, Bukoba, Kampala, unakutana huko katikati, hewa ikishakutana haina pa kwenda ila juu, na ndo unapata zile radi za saa nane usiku mpaka alfajiri, wakati boti za dagaa ziko na taa zake kilomita nyingi kutoka ufukweni. Mtu aliyekaa ziwani miaka thelathini anajua kwenye mwili wake kwamba usiku ndo balaa na mchana ni nafuu. Sasa mlima ni mashine ileile imefungwa kinyume. Asubuhi jua linapiga miteremko, hewa inapata joto inapanda nayo, saa nne unaona wingu linatoka msituni, saa sita limefika Horombo, saa nane limefunika kila kitu, mvua, mawe, theluji. Jua likizama miteremko inapoa, hewa inateremka kurudi chini kama maji, mawingu yanakatika, saa tano usiku nyota zote ziko nje. Hao waongozaji wa Marangu hawapandi usiku kwa ushamba, wanakimbia wingu la mchana, na pia changarawe za pale juu ya Kibo Hut usiku zimeganda kidogo zinakanyagika.

Nikamweleza mzee hivyohivyo, akanyamaza, akageuza dagaa, akauliza "kwa hiyo upepo wa usiku unashuka?" Nikasema unashuka. "Basi huko mchana ndo usiku wao." Akamruhusu binti, kwa sharti kwamba mchana wa tarehe 8 wasiwe juu ya kambi. Sharti zuri kuliko yote yaliyotolewa kwenye grupu, wala hajawahi kuuona huo mlima.

Niongeze kitu kimoja hapa, kwa watu wa Mwanza msidhani mvua ya kwetu inakuambia ya Kilimanjaro. Ni kama km 500 kwa mstari ulionyooka. Rada ya Kiseke inaona mawingu ya ziwa vizuri ila Kibo siyo yake. Siku nyingi asubuhi yetu ya radi ni asubuhi safi kabisa Moshi.

Meseji niliyowatumia tarehe 4, wakiwa wamefika Moshi wanakodi vifaa, naiweka kama ilivyo maana ndo utabiri wenyewe unaochambuliwa:

"Nendeni. Tarehe 5 na 6 mvua ya msituni tu, koti la mvua mkononi. Tarehe 7 mchana Horombo mvua na mawe, juu ya mita 4,700 theluji. Tarehe 8 mchana tena, inaweza kushuka mpaka Kibo Hut au chini kidogo. Usiku wa 8 kuamkia 9 uwezekano mkubwa anga safi, kama nafasi tatu kwa nne. Theluji njiani sm 10 mpaka 20, sehemu za kukusanyika zaidi. Upepo wa mashariki km 25 kwa saa. Kodini geta (vifuniko vya miguu vya kuzuia theluji) na miwani ya jua, kila mtu. Tarehe 8 muwe mmefika Kibo kabla ya saa sita mchana. Mwongozaji akisema rudini, rudini."

Kuhusu ile "kushuka mpaka Kibo Hut au chini kidogo". Mstari wa nyuzi sifuri kwetu unakaa kwenye mita 4,800 mpaka 5,000, lakini theluji haigeuki maji palepale ikivuka mstari, inashuka mita mia kadhaa ikiwa inayeyuka, na ikianguka kwa wingi yenyewe inaipoza hewa kwa kuyeyuka kwake, mstari unasukumwa chini. Kwa hiyo kambi ya Kibo imekaa kwenye mpaka kabisa, mchana mmoja maji mchana mwingine nyeupe, na hakuna app itakayokupatia hilo.

Safari ya basi sitaielezea, Nyegezi alfajiri, Shinyanga, Singida, Babati, Moshi usiku, mtu yeyote aliyepita Katesh msimu wa vuli baada ya yale maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023 anajua kwamba mvua ya kuogopa kwenye safari hii inaweza kuwa ya barabarani.

Yaliyotokea. Tarehe 5 na 6 kama ilivyotarajiwa, mvua fupi kambi ya Mandara, mtandao unakuja na kukata. Tarehe 7 walikuwa na siku ya kuzoea hewa, wakapanda mpaka Zebra Rocks asubuhi wakarudi Horombo, saa saba mvua ya mawe, ile ya punje ndogo laini, ikapiga bati saa nzima. Jioni wingu likafunguka Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo, ikaonekana nyeupe kutoka juu mpaka kiunoni, grupu likajaa picha. Fundi akaandika "sm 55 hizo". Tarehe 8 wakatoka Horombo saa moja asubuhi, kwenye ule uwanda wa jangwa kati ya Mawenzi na Kibo wakaanza kukuta mabaka ya theluji kwenye vivuli vya mawe, Kibo Hut wakafika kabla ya saa sita, kuna theluji ya kufika kwenye vifundo vya miguu ila jua linaimaliza, paa linachuruzika. Saa nane ikaanza upya, mfululizo kama saa mbili na nusu, hapo ilikuwa theluji kweli, na wapagazi, hawa wanaowaita wagumu, wakawa wanafagia mlangoni kwa kipande cha boksi. Saa kumi na mbili jioni ikakata kabisa. Saa tatu usiku dada muuguzi akatoka kwenda chooni akaniandikia neno moja, "nyota", likanifikia kesho yake mchana.

Wakaondoka saa tano na nusu. Theluji juu ya kambi ilikuwa imeganda ngozi kwa juu, mwongozaji anapiga hatua wengine wanaingiza mguu kwenye nyayo zake, na wote wanasema kupanda kulikuwa rahisi kuliko walivyosimuliwa kwa sababu changarawe zilikuwa zimeshikwa hazirudi nyuma. Mmoja aligeuza kabla ya Gilman's, pale kwenye ukingo wa kreta, kwa kichwa kuuma na kutapika, mwingine akaishia Gilman's kwa uchovu. Wanne wakafika Uhuru kama saa moja na nusu asubuhi, binti wa mzee akiwemo. Kati ya Gilman's na Uhuru ilikuwa hivi: mahali mwamba mtupu, upepo umefagia, hatua ishirini mbele theluji ya magoti, halafu barafu tupu inayong'aa, halafu vifundo tena. Kwa hiyo ukiuliza theluji ilikuwa sm ngapi, jibu la 0 ni sahihi na la 50 ni sahihi, inategemea umesimama wapi. Ndo maana mimi namba ya sentimita kwa kilele kama kile naiona haina kazi hata ingetabiriwa na malaika, theluji kavu ya nyuzi 7 chini ya sifuri kwenye ukingo wa kreta haikai ilipoangukia.

Sasa tupime. Muda ulitoka vizuri, mchana mbaya mara mbili na usiku safi, na hicho ndo kilichoamua safari. Kimo cha theluji kilitoka vizuri. Watu wawili walioshindwa hawakushindwa na hali ya hewa, hewa ya kule juu ina nusu ya oksijeni ya pwani na hilo halina utabiri.

Upepo haukutoka vizuri. Ramani ya 500 ilisema km 25 kwa saa, mwongozaji anasema kwenye ukingo ilikuwa karibu mara mbili yake, walikuwa wanasimama kwa kuegemeana. Hewa inayopita huru kwenye kimo hicho ikikutana na ukingo wa kreta inabanwa na inaongeza kasi, ramani haiwezi kuujua ukingo ambao modeli yake haina. Na hesabu ya baridi inabadilika sana, nyuzi 7 chini ya sifuri na upepo wa km 40 mwilini unaisikia kama nyuzi 17 chini. Kwa safari ijayo ya mtu yeyote, upepo wa ramani kwa kile kipande cha mwisho uongezwe nusu yake au zaidi, na glavu ziwe za kidole gumba siyo za vidole vitano. Mmoja wao hakuhisi ncha za vidole mpaka wameshuka Kibo.

Halafu miwani. Fundi wetu wa sm 55, aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote, aliacha miwani kwenye begi kambini kwa sababu wanatoka usiku, nani anavaa miwani usiku. Jua likatoka wakiwa juu, theluji mpya inarudisha karibu asilimia 80 ya mionzi mikali ya jua, na kwenye kimo kile mionzi yenyewe inapita hewa nyembamba. Walishuka kwa saa kadhaa kwenye weupe ule. Jioni Horombo macho yakawa mekundu, yanachuruzika, anasema ni kama mtu kamtilia mchanga wa sementi na kila akifumba unasaga. Dada muuguzi akamfunga kitambaa cheusi chenye maji baridi, akakaa gizani usiku mzima, asubuhi ya pili yake akashikwa mkono mpaka Mandara ndo akaanza kuona vizuri. Mteremko ule wa changarawe nao, ambao kwa kawaida unateleza nao mpaka kambini, saa tatu asubuhi theluji ilikuwa imelainika ikawa kila mtu anaanguka kwa makalio. Hizi ni gharama za theluji ya sm 10, siyo za sm 55, na kwenye grupu hakuna aliyebishania miwani hata siku moja.

Kuna jambo moja watu wananiuliza, kama zile robo zilizosema unyevu utabaki tarehe 9 ndo zingekuwa sahihi? Wangekaa Kibo. Mwongozaji alishakubaliana nao kwamba ikifika saa sita usiku bado inaanguka wanasubiri mpaka saa nane, ikiendelea wanaishia palepale wanarudi, tarehe 9 au si tarehe 9. Nafasi tatu kwa nne maana yake moja kwa nne ni ya kurudi mikono mitupu, na walilipa wakijua.

Kundi la pili limeshaanza kujipanga, wengine ni walewale wawili ambao hawakufika. Ushauri wangu ni mwisho wa Januari au Februari mwanzoni, kati ya vuli na masika, unyevu wa juu unakuwa mdogo siku nyingi na theluji ya vuli inakuwa imeshapungua njiani. Aliyeishia Gilman's hataki kusikia, anataka tarehe 9 Desemba tena, anasema siku nyingine hazina maana kwake. Mchango wa kwanza unatakiwa mwisho wa mwezi huu na bado hawajaelewana, ila mzee wa mwaloni amesema akienda mjukuu wake naye atatoa nauli.